Kuitambua Ndege kwa Umbo Lake: Mwongozo kwa Mpenzi wa Ndege za Abiria na za Kijeshi

Mtu anayesimama kando ya barabara akiwa na darubini shingoni, akaulizwa anafanya nini na akajibu kwamba anatazama ndege, bado hajaeleweka. Sarufi ndiyo humwokoa: akisema "nawatazama" tutajua kwamba anazungumzia korongo na mwewe, na akisema "nazitazama" tutajua kwamba macho yake yako kwenye Boeing na Airbus. Mkanganyiko huo una faida yake, kwa sababu watu wanaowatazama ndege wenye manyoya walikwisha kutatua tatizo ambalo sisi wa eropleni hukwama nalo mwanzoni. Wao hawaanzi na rangi. Wanajua kwamba kinda, jike na dume la aina moja huweza kuwa na rangi tatu tofauti, kwa hiyo huanza na umbo, ukubwa, namna ya kuruka na mahali ndege alipoonekana, na rangi huja mwishoni kama shahidi wa kuthibitisha.

Ndege za abiria zinahitaji utaratibu uo huo. Shirika likipungukiwa na ndege hukodi kwa shirika jingine, wakati mwingine pamoja na marubani wake, na ndege hiyo huweza kufanya safari kwa miezi kadhaa ikiwa nyeupe tupu, bila twiga mkiani wala jina ubavuni. Majeshi nayo hupaka karibu kila kitu rangi ya kijivu. Anayetegemea rangi atakosea hapo, na anayetegemea simu atanyamaza pale ambapo simu haionyeshi kitu, jambo ambalo kwa ndege za kijeshi ni la kawaida kabisa. Ninachokusudia kumfundisha msomaji ni kuisoma ndege kwa macho kwanza, kisha kuiuliza simu kama ana shaka.

Utaratibu wa kutambua kwa umbo si wa kwetu wapenzi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilitegemea raia wa kujitolea wa Royal Observer Corps waliokaa vituoni mchana na usiku wakitazama anga, na watu hao walijifunza kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa kivuli chake cheusi tu, kwa sababu ndege iliyo mbali haina rangi. Kilichobaki kutokana na mafunzo ya namna hiyo ni mpangilio wa kutazama sehemu nne kwa zamu: mabawa, injini, kiwiliwili, mkia. Ushike mpangilio huo kwa mfuatano usiobadilika, kwa sababu ndege inayotua humpa mtazamaji sekunde chache tu, na macho yasiyo na mpangilio hukimbilia maandishi.

Mahali pazuri pa kuanzia

Anayeishi Tanzania ana bahati ya kuwa na somo la kwanza ambalo walimu wangependa kulibuni kama lisingekuwapo. Precision Air hutumia ATR 42 na ATR 72, na Air Tanzania hutumia Dash 8-400, ambayo wengi huiita Q400. Zote ni ndege za pangaboi zenye injini mbili, zote zina mabawa yaliyopita juu ya kiwiliwili, na zote zina mkia wenye umbo la herufi T, yaani bawa dogo la nyuma limekaa kileleni mwa mkia wa wima. Mtu asiyezoea huziita ndege moja. Anayejua kidogo hujaribu kuhesabu pazi za pangaboi, naye hukwama, kwa kuwa Q400 ina pazi sita kwa kila injini na ATR za matoleo mapya zina sita vilevile.

Tofauti iko miguuni. Miguu mikuu ya Q400 ni mirefu na myembamba, inashuka kutoka ndani ya makasha ya injini yaliyo chini ya mabawa, kiasi kwamba ndege inapotua huonekana kama korongo anayenyoosha miguu kabla ya kugusa maji. Miguu ya ATR ni mifupi na hutoka tumboni, ambako kuna uvimbe wa kuihifadhi kila upande, kwa hiyo ATR hukaa chini karibu na lami. Ukiyaona makasha ya injini yameendelea nyuma hadi kupita ukingo wa bawa ili miguu ipate pa kukunjwa, hiyo ni Q400 hata kama miguu yenyewe imekwisha kukunjwa. Urefu nao husaidia ukizizoea zote mbili, kwani Q400 ina karibu mita 33 na ATR 72 ina mita 27 na ushei. Ndege zikiwa zimeegeshwa, tazama abiria wanakopandia: kwenye ATR wanapanda kwa mlango wa nyuma karibu na mkia na mizigo huingizwa kwa mlango wa mbele, ilhali Q400 hupokea abiria mbele.

Nakaa sana kwenye jozi hii kwa makusudi. Mtu akitumia wiki mbili kutofautisha ATR na Q400 bila kusoma maandishi, jicho lake litakuwa limejifunza kuuliza maswali yanayofaa, na hayo mengine yatakuja kwa urahisi. Ndege ndogo za watalii hazihitaji juhudi kubwa: Cessna Caravan, ambayo hujaza anga ya Zanzibar na ya Arusha mchana kutwa, ina injini moja puani, bawa la juu lililoshikiliwa na mhimili kila upande, na magurudumu yasiyokunjwa. Pilatus PC-12 nayo ina injini moja, lakini bawa liko chini, mkia ni wa T, na magurudumu hukunjwa.

Boeing 737 na jamii ya Airbus A320

Hili ndilo swali ambalo kila mpenzi wa ndege huulizwa na jamaa zake, na jibu lake lina historia ndani yake. Boeing 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, wakati viwanja vingi havikuwa na vifaa vya kupakulia, kwa hiyo iliundwa ikae chini karibu na ardhi ili watu waifikie bila ngazi ndefu. Injini za siku hizo zilikuwa nyembamba. Zilipokuja injini nene, nafasi kati ya bawa na lami haikutosha, na wahandisi wakahamisha vifaa vya chini ya injini hadi ubavuni, na ndiyo maana mdomo wa injini za 737 za vizazi vya kati si duara kamili, umebonyea chini kama tumbo la chungu kilichokalishwa kabla hakijakauka. Airbus A320 iliruka miaka 20 baadaye, mwaka 1987, ikiwa na miguu mirefu zaidi na injini zenye midomo ya duara.

Alama nyingine ya 737 ni mkia wa wima ambao shina lake limepinda mbele, kama kwamba mtu amebandika pembetatu ndogo kati ya mgongo na mkia. Mkia wa A320 huinuka moja kwa moja kutoka mgongoni. Ndege ikipita juu ya kichwa chako, tazama tumbo lake: magurudumu makuu ya 737 hayafunikwi na milango, na utayaona kama sarafu mbili nyeusi zilizopachikwa tumboni, ilhali tumbo la A320 limefungwa kabisa. Kwangu mimi alama hii ya sarafu ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa haitegemei toleo wala shirika. Ncha za mabawa ni shahidi dhaifu, maana zimebadilishwa mara nyingi mno, ingawa ncha iliyogawanyika mbili, moja juu na moja chini, ikiambatana na meno kama ya msumeno kwenye ukingo wa nyuma wa kasha la injini, humaanisha 737 MAX.

Zipo ndogo zaidi ya hizo. Embraer 190 ya Kenya Airways ina injini chini ya mabawa lakini kiwiliwili chake ni chembamba, na CRJ900 za Uganda Airlines na RwandAir zina injini zilizobanwa ubavuni mwa kiwiliwili, nyuma karibu na mkia wa T, hivyo huwezi kuzichanganya na chochote kingine kinachobeba abiria wengi kwenye njia hizi. Airbus A220 huwachanganya watu kidogo. Air Tanzania ilikuwa shirika la kwanza barani Afrika kuitumia, mwishoni mwa mwaka 2018, nayo huonekana kama A320 iliyopunguzwa unene huku injini zikibaki kubwa kupita kimo chake.

Ndege kubwa

Kwa ndege kubwa zenye njia mbili za kupita abiria, shuka moja kwa moja hadi kwenye magurudumu na ncha za mabawa. Kila mguu mkuu wa Boeing 777 una magurudumu sita yaliyopangwa kwa jozi tatu, na kitako cha ndege hiyo hakikuchongoka, kimebanwa kama bisibisi. Injini za 777-300ER ndizo zinazoshangaza watu wanaozikaribia: kipenyo cha feni ni mita 3.25, na kiwiliwili chote cha 737 kina upana wa mita 3.76. Airbus A330 ina magurudumu manne kwa kila mguu mkuu, na inaposhuka, magurudumu ya nyuma hutangulia kuning'inia chini. Boeing 767 hufanya kinyume, magurudumu ya mbele ndiyo huinama, kama mtu anayeshuka ngazi kwa ncha za vidole. Tabia hiyo pekee inatosha kuitambua ndege ya mizigo ya Air Tanzania, 767-300F isiyo na madirisha ubavuni, ikiwa bado iko kilomita mbili kutoka uwanjani.

Boeing 787 hutambulika kwa mabawa yanayopinda kwenda juu ndege inapopaa, mithili ya upinde uliovutwa, bila kipande chochote kilichosimama nchani. Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza barani kuipokea mwaka 2012, kisha Kenya Airways na Air Tanzania zikafuata, kwa hiyo mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana nafasi nyingi za kuizoea. Ukiona vioo vya rubani vimezungushiwa rangi nyeusi kama miwani ya jua, hiyo ni Airbus mpya, ama A350 ama A330neo. Hapa Entebbe ina hazina ambayo wapenzi wa Ulaya huifuata kwa hamu: A330-800 mbili za Uganda Airlines, 5X-NIL na 5X-CRN, za toleo ambalo limenunuliwa na mashirika machache mno duniani. Majirani wa uwanja huo huiona ikipita na kudhani ni ndege ya kawaida.

Kuisoma namba ya usajili

Baada ya umbo ndipo tunaruhusiwa kusoma maandishi, na maandishi yanayohesabika ni yale madogo ya nyuma, siyo jina kubwa la shirika. Kila ndege ya kiraia ina namba ya usajili inayoanza na herufi au tarakimu za nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi, 9Q au 9S Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ET Ethiopia, A6 Falme za Kiarabu, A7 Qatar, A4O Oman, TC Uturuki, PH Uholanzi, N Marekani. Zinazofuata baada ya kistari huchaguliwa na mamlaka ya nchi, mara nyingi kwa ombi la mwenye ndege, na mtu akikaa nazo hugundua mantiki yake. 787 za Kenya Airways zilipangwa kuanzia 5Y-KZA na kuendelea. Ndege zilizonunuliwa na Serikali ya Tanzania na kutumiwa na Air Tanzania huanza na 5H-TC. Na zile mbili za Entebbe zimebeba mto Naili na korongo wa nembo ya taifa, "crane" kwa Kiingereza, katika herufi tatu tatu.

Namba hizi pia ni hati za historia. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilikuwa na ndege tano za aina ya Super VC10, na kwa kuwa shirika lilimilikiwa na nchi tatu kwa pamoja, ndege hizo ziligawanywa katika daftari tatu za usajili: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Anayepata picha ya zamani ya uwanja wa Embakasi, Nairobi, au wa Dar es Salaam aisome namba kabla ya kusoma maelezo ya chini ya picha, kwani maelezo hukosewa na namba iliyopakwa mkiani haikosewi.

Upepo, jua na mahali pa kusimama

Wageni huuliza mahali pa kusimama kabla ya kuuliza upepo, nao hujikuta wakitazama mkia wa kila ndege. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Tarakimu zilizoandikwa mwanzoni mwa njia ya kurukia ni mwelekeo wa dira uliogawanywa kwa kumi, kwa hiyo njia kuu ya Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, inayoitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili, imelala kati ya kaskazini mashariki na kusini magharibi. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, ndege hutua kwa kawaida zikielekea kaskazini mashariki, yaani zinakuja kutoka upande wa bara. Upepo ukigeuka, njia ile ile hutumiwa kwa kichwa cha pili, na ndege hushuka zikitokea upande wa mji na bahari. Anayefahamu misimu ya jahazi atajua asubuhi, kabla hajatoka nyumbani, ni upande gani wa uwanja utakaompa ndege zinazotua.

Jua ni jambo la pili. Kwenye njia iliyolala namna hiyo, asubuhi mwanga mzuri uko upande wa kusini mashariki, na alasiri uko upande wa kaskazini magharibi, kwa kuwa unataka jua liwe mgongoni mwako na usoni mwa ndege. Adhuhuri huku kwetu jua liko utosini, matumbo ya ndege huwa meusi, na lami huanza kutoa mazigazi yanayoyumbisha kila kitu kilicho karibu na ardhi. Hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuyaondoa mazigazi hayo, na ni bora saa hizo uende ukale.

Nairobi ina viwanja viwili vyenye tabia tofauti. Jomo Kenyatta ni wa ndege kubwa, na Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, ni wa ndege ndogo, za misaada na za watalii, ambazo baadhi yake hupita chini juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mtu aliyelipia kiingilio cha hifadhi kwa ajili ya kifaru anaweza kurudi na kifaru na Dash 8 katika kadi moja ya kamera. Ndani ya Wilson kuna Aero Club of East Africa, klabu ya tangu mwaka 1927, ambako mazungumzo ya ndege hayahitaji utangulizi.

Ndege za kijeshi na sheria zake

Ndege ya kijeshi humvutia mpenzi kwa sababu ambayo ndege ya abiria haina: haina ratiba. Hujui itakuja lini, wala kama itarudi. Hata hivyo umbo lake ni wazi zaidi, kwa kuwa kazi imeandikwa mwilini. Ndege ya mizigo ya kijeshi huwa na mabawa ya juu ili sakafu ikae karibu na ardhi na injini ziepuke mawe ya viwanja vibovu, na tumbo la nyuma limepandishwa ili pawe na mlango unaoshuka kuwa daraja la magari. C-130 Hercules, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1954 na bado inaundwa, ina injini nne za pangaboi, mabawa yaliyonyooka, na mkia mrefu wa wima usio wa T. C-27J Spartan ya Jeshi la Anga la Kenya ni kama Hercules iliyobakiwa na injini mbili. A400M ya Ulaya ina pangaboi nne zenye pazi nane nane zilizojikunja kama jambia, na mkia wa T. C-17 ya Marekani na Ilyushin Il-76 zote zina injini nne za jeti na mkia wa T, lakini Il-76 ina vioo chini ya pua kwa ajili ya mwongoza njia, na C-17 ina vibawa vilivyosimama nchani mwa mabawa.

Ziara za viongozi wakubwa ni msimu wa mavuno. Rais Barack Obama alipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2013, aliyekuwa na subira aliweza kuiona VC-25, yaani 747-200 iliyobadilishwa kwa ajili ya rais wa Marekani. Entebbe ina msimu wa mwaka mzima, kwani ndege za Umoja wa Mataifa, nyeupe zenye herufi UN nyeusi, ni za aina nyingi na za nchi nyingi, na katika hizo utaona helikopta za Mi-8 kwa wingi kuliko mahali pengi duniani.

Kwa ndege vita, tazama zaidi mkia na matundu ya hewa. F-5 ya Kenya ni ndogo, ina urefu wa kama mita 14, pua ndefu iliyochongoka na matundu ya hewa ubavuni. J-7 ya China, ambayo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) imeitumia, ni nduguye MiG-21 ya Kisovieti: bawa la pembetatu na tundu moja la hewa puani lenye koni katikati. Su-30MK2, ambazo Uganda ilipokea sita katika miaka ya 2011 na 2012, ina urefu wa karibu mita 22, injini mbili zilizoachana na mikia miwili ya wima. Ukisikia ngurumo na ukaona mikia miwili, huna haja ya kufikiria nyingine kati ya majeshi ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Sasa sheria, na hapa sitafanya mzaha. Katika nchi zetu, kupiga picha kambi, zana na maeneo ya ulinzi bila kibali ni kosa, na viwanja vingi vya ndege vya kiraia vinahesabika kuwa maeneo ya ulinzi au vinapakana nayo. Usifikiri kwamba daftari ni salama kuliko kamera. Mwezi Novemba 2001 wapenzi 14 wa ndege, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, walikokwenda kutazama ndege za kijeshi; Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani, wanane wakahukumiwa miaka mitatu kwa ujasusi, na wale sita waliobaki wakaonekana na hatia ya kuwasaidia, na hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwezi Novemba mwaka huo. Walikuwa na madaftari yaliyojaa namba, na namba zisizo na maelezo humtia askari wasiwasi kuliko picha.

Nami nilipata sehemu yangu ndogo nje ya uzio wa uwanja mmoja ambao sitautaja. Mlinzi alinijia taratibu, nikamwamkia, "Shikamoo, afande." Aliitikia, akalitazama daftari langu, kisha akauliza, "Hizi namba unampelekea nani, kijana?" Nilimweleza kwa robo saa, nikamwonyesha tofauti ya magurudumu ya ATR na Q400, na tuliachana kwa amani, lakini niliambiwa nirudi na barua. Tangu siku hiyo naanza na barua. Andika kwa meneja wa uwanja, eleza siku na saa unazokusudia, ambatisha nakala ya kitambulisho, na ukikataliwa kubali. Kwa ndege vita subiri siku ambazo majeshi yenyewe yanataka kuonekana, kama vile sherehe za Jamhuri tarehe 12 Desemba nchini Kenya, ambapo ndege hupita juu ya uwanja mbele ya umma. Droni iache nyumbani. Karibu na uwanja wa ndege hakuna kisingizio kitakachokuokoa.

Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha miaka kumi. Ile ya ukuzaji mkubwa zaidi hutikisika mkononi. Kwa kamera, lenzi inayofika milimita 300 hukidhi viwanja vingi. Ndege ya jeti ipige kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, lakini ya pangaboi ipunguze hadi 1/250 au chini ya hapo, vinginevyo pazi zitaganda na ndege itaonekana kama imezima injini angani. Kwa kasi hiyo ndogo unalazimika kuifuata ndege kwa kiuno, siyo kwa mikono, ukibonyeza huku ukiendelea kuzunguka. Picha ishirini za kwanza zitaharibika.

Programu za simu kama Flightradar24, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2006, hupokea taarifa ambazo ndege zenyewe hurusha kwa masafa ya megahezi 1090: utambulisho, mwinuko, kasi na mahali. Ndege isiyorusha mahali ilipo, na ndege za kijeshi nyingi huchagua hivyo, haitaonekana vizuri au haitaonekana kabisa. Itumie simu kujua nini kinakuja baada ya nusu saa, halafu iweke mfukoni ndege ikikaribia. Aina yake iseme kwa sauti kabla hujahakikisha, hasa ukiwa na mwenzako, maana makosa yanayosikika hurekebishwa upesi.

Daftari

Andika tarehe, saa, namba ya usajili, aina, shirika, njia iliyotumika na upepo, kisha acha nafasi ya mstari mmoja kwa jambo ulilogundua wewe, kama vile rangi mpya au injini iliyobadilishwa. Saa ndiyo huwatatiza wengi, kwa sababu usafiri wa anga hutumia saa ya dunia, ile ya UTC, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake. Anayetumia saa ya Kiingereza hutoa tatu. Anayehesabu kwa Kiswahili hufanya kazi rahisi zaidi, kwa sababu huongeza tatu: saa 2 asubuhi ni 05:00, saa 7 mchana ni 10:00, na saa 2 usiku, ukikumbuka kwamba mchana umekwisha na hivyo kuongeza 12, ni 17:00. Ikizidi 12 alfajiri, kama saa 10 usiku, toa 12 na utapata 01:00. Mimi huandika safu mbili, ya Kiswahili kushoto na ya dunia kulia, na penseli, siyo kalamu ya wino, kwa kuwa msimu wa masika daftari hulowa.